Antigone na Wapagazi wa Kariakoo

Jina la Kariakoo hutajwa kila siku na maelfu ya watu wa Dar es Salaam. Hulitaja makuli, wachuuzi, makonda wa daladala, na wageni waliotoka bara kuja kununua nguo na vyombo. Walakini ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hili halikutoka katika lugha yetu. Jeshi la Waingereza lilipouteka mji huu tarehe 4 Septemba 1916, liliweka mahali hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, na kikosi kile kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao wenyewe, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa uitwao Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo. Majengo ya mahali hapa yamebadilika mara nyingi tangu siku zile, lakini jina limebaki.

Katika makala haya twataka kueleza habari za mchezo mmoja wa kale wa Wayunani uitwao Antigone, jinsi ulivyotungwa na desturi zilizofuatwa katika kuucheza. Kisha tutarudi Kariakoo, kwa kuwa twaona mchezo ule na jina hili la mtaa wetu vinahusu jambo moja, nalo ni haki ya mtu aliyekufa kuzikwa na kutajwa kwa jina lake.

Pengine msomaji atauliza, Wayunani wana nini nasi? Twamjibu kwamba wametujua tangu zamani. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja aliyekaa Misri aliandika kwa Kiyunani kitabu cha safari za bahari, na ndani yake aliitaja pwani yetu na soko lililoitwa Rhapta, jina lililotokana na mashua za kushonwa kwa kamba, kama mitepe waliyoijua babu zetu. Hata katika Dar es Salaam ya sasa, mtu akitoka Kariakoo kwenda mjini kwa njia ya Mnazi Mmoja huliona jumba liitwalo na watu Anatoglo. Jumba hilo lilijengwa katika miaka ya 1950 kwa fedha za Myunani mmoja, George Arnautoglu. Na lugha yetu imekwisha kuipokea kazi ya watungaji wao, maana S. S. Mushi alifasiri mchezo mmoja wa Sophocles kwa Kiswahili, ukapigwa chapa mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Antigone, ambaye habari zake ndizo tunazozisema leo, alikuwa binti wa mfalme huyo.

Sophocles alizaliwa karibu na Athene yapata mwaka 496 kabla ya Kristo, akafa mwaka 406. Alitunga michezo zaidi ya 120, na katika hiyo iliyotufikia mizima ni saba tu. Antigone ulichezwa yapata mwaka 441. Mchezo wa namna hii kwa Kiswahili twauita tanzia. Neno hili ni zuri kwa jambo hili, kwa kuwa maana yake ya kwanza ni habari ya kifo, ile inayopelekwa kwa jamaa walio mbali ili waje kuzika.

Yatupasa kwanza kuondoa mawazo ya jumba lenye viti, taa na pazia. Wayunani walicheza michezo yao mchana, mahali pa wazi, chini ya kilima. Watu waliketi katika mteremko wa kilima, maelfu kwa maelfu, na chini yao palikuwa na kiwanja cha mviringo kwa ajili ya waitikiaji. Nyuma ya kiwanja palikuwa na nyumba yenye mlango mkubwa, na nyumba hiyo mara nyingi ilihesabiwa kuwa jumba la mfalme. Michezo ilikuwa sehemu ya sikukuu ya mungu wao Dionysus, iliyofanywa mwezi wa Machi hivi, baridi yao ilipokwisha. Mtawala wa mwaka ule aliwachagua watungaji watatu, na kila mmoja alileta tanzia tatu pamoja na mchezo mmoja wa kuchekesha. Mji ulimwamuru tajiri mmoja kugharimia waitikiaji wa kila mtungaji, yaani mavazi yao na mafunzo yao. Mwisho waamuzi waliopatikana kwa kura walitoa hukumu, na mshindi alipewa taji.

Mambo haya yasingewashangaza watu wa Kariakoo wa zamani. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918, mji wa Dar es Salaam ulijaa ngoma ya beni, na vyama viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa ukarimu. Kila chama kilikuwa na wakubwa wake waliotoa mali ili chama kisiaibike mbele ya wenzao. Tena vyama hivyo havikuwa vya kucheza tu. Viliwaangalia wanachama waliougua, na mgeni aliyekufa mjini pasipo jamaa alipata watu wa kumzika. Msomaji na aliweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia.

Wachezaji wa tanzia walikuwa wachache mno. Hapo mwanzo alikuwa mmoja tu aliyesema na waitikiaji. Aeschylus akaongeza wa pili, na Sophocles akaongeza wa tatu. Katika Antigone wako watu wanane wenye kusema, na wote walichezwa na wanaume watatu, hata wale walio wanawake. Jambo hili liliwezekana kwa sababu kila mchezaji alivaa kinyago kilichofunika uso wote. Akiingia nyumbani na kubadili kinyago na vazi, alitoka akiwa mtu mwingine, na watazamaji walikubali, kama wanavyokubali watu wa Kimakonde wachezapo mapiko. Kinyago hakibadiliki kwa kucheka wala kulia. Kwa hiyo huzuni yote ilikuwa katika maneno, katika sauti, na katika mwendo wa mwili.

Waitikiaji walikuwa 15. Hawa ndio walio wageni zaidi kwa msomaji wa leo, nao ndio moyo wa tanzia. Waliingia kwa kuimba mwanzoni mwa mchezo, nao hawakuondoka mpaka mwisho. Kila sehemu ya mazungumzo ilipokwisha waliimba na kucheza, wakiyapima yale yaliyotendeka. Katika mchezo huu ni wazee wa mji wa Thebes, watu wa heshima na wenye hofu, kama wazee wa baraza wanaomjua mfalme tangu utoto wake lakini hawathubutu kumwambia neno zito mbele ya watu.

Sasa tusimulie kisa. Mfalme Edipode alikwisha kufa. Wanawe wawili wa kiume, Eteocles na Polyneices, waligombea ufalme. Polyneices alileta jeshi la kigeni kuupiga mji wake, Eteocles akaulinda, na ndugu hao wakauana siku moja mbele ya lango moja. Mjomba wao Creon alishika utawala, akatoa amri: Eteocles azikwe kwa heshima zote, na Polyneices aachwe juani, awe chakula cha mbwa na ndege. Atakayemzika atakufa.

Mchezo waanza alfajiri. Antigone amwita dada yake Ismene nje ya mlango, amwambia kwamba yeye atamzika kaka yao. Ismene amsihi, akisema kwamba wao ni wanawake wawili tu nao hawana nguvu ya kushindana na wenye mamlaka. Antigone amwacha, aenda peke yake. Muda si mwingi mlinzi mmoja amjia Creon, akitetemeka na kuzungukazunguka kwa maneno, ampasha habari kwamba maiti imenyunyiziwa vumbi kwa desturi ya mazishi, na aliyefanya hivyo hajulikani. Creon akasirika, adhani watu wamehongwa. Mlinzi arudi mara ya pili akiwa amemshika msichana. Walikuwa wamelifuta lile vumbi, naye akaja tena, akaiona maiti wazi, akalia kama ndege aliyekuta kiota chake kitupu, akaanza kuzika upya.

Creon amwuliza kama aliijua amri. Akiri waziwazi kwamba aliijua. Asema kwamba amri ya mwanadamu haina nguvu ya kuzitangua sheria zisizoandikwa za Mungu, ambazo hakuna ajuaye zilianza lini. Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, aja kumwombea. Amwambia baba yake kwa adabu kwamba watu wa mji wamhurumia yule msichana gizani, ila hawasemi mbele yake. Na kwamba mti unaoinama wakati wa mafuriko huokoka, bali ule unaoshupaa hung'olewa na mizizi yake. Creon akataa kufundishwa na kijana. Antigone afungiwa hai katika pango la mawe.

Ndipo aja Teiresias, mwaguzi kipofu, akiongozwa na mtoto. Atangaza kwamba madhabahu za mji zimenajisika kwa nyama ya maiti inayoletwa na ndege, na kwamba Creon amekosa mara mbili, amemnyima kaburi aliyekufa na kumtia kaburini aliye hai. Creon amtukana, kisha hofu yamshika. Wazee wamshauri aende upesi akamfungulie msichana, kisha amzike aliyeachwa. Aenda, lakini aanza na maiti. Afikapo pangoni, Antigone amekwisha kujinyonga. Haemon amrukia baba yake kwa upanga, amkosa, ajiua mwenyewe. Eurydice, mke wa Creon, asikia habari hiyo, arudi ndani asiseme neno, naye ajiua. Creon abaki peke yake, akiomba siku yake ya mwisho ije upesi. Wahenga wetu wangesema, majuto ni mjukuu.

Tukiisha kukijua kisa, na tuangalie jinsi desturi za michezo zilivyomsaidia mtungaji. Ya kwanza ni hii, kwamba damu haimwagwi mbele ya watazamaji. Vifo vyote vitatu hutokea mahali pengine, na mjumbe huja kusimulia. Mtu wa leo aliyezoea sinema aweza kudhani kwamba huo ni upungufu. Sisi twaona ni nguvu. Kwetu pia kifo hutufikia kwa njia ya mjumbe: mtu abisha hodi usiku, nasi twamtazama uso kabla hajafungua kinywa. Sophocles aliijua saa ile, naye aliiweka mbele ya mji mzima. Eurydice anyamaza na kuingia ndani, na wazee wawaambia wenzao kwamba kimya kirefu namna ile kina hatari.

Ya pili ni yule mlinzi. Kati ya huzuni yote aingia mtu wa kawaida anayefikiri juu ya ngozi yake tu, naye achekesha. Wako wasomi waliouliza kwa nini mtungaji mkubwa aliweka masihara karibu na maiti. Mtu aliyekwenda mazishini pamoja na watani hawezi kuuliza hivyo. Katika makabila yetu mengi mtani huja msibani akafanya mzaha, hata huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, na hakuna anayemkasirikia. Mzaha ule haupunguzi huzuni. Huwapa wafiwa pumzi ili waweze kuichukua.

Ya tatu ni majibizano. Creon na Haemon waanza kwa hotuba ndefu, kila mmoja kwa zamu. Kisha hasira ipandapo, maneno hufupishwa, mstari kwa mstari, kama watu wawili wanaorushiana mawe. Watazamaji wa Athene walizoea kusikiliza kesi katika mabaraza yao, nao walijua kupima hoja mbili. Mtungaji hampi Creon maneno ya kipumbavu. Asema kwamba mji ni merikebu inayotubeba sote, na kwamba mtu asiyeweza kutii hawezi kutawala. Mwalimu gani hajasema hivyo darasani? Hofu yetu katika mchezo huu ni hiyo, kwamba mkosaji asema maneno tuliyoyasema sisi wenyewe.

Ya nne ni waitikiaji. Katika michezo mingine huwa wanawake wanaomhurumia mwanamke anayeteseka. Hapa Sophocles amempa Antigone wazee wanaume, na kwa hiyo amemwacha bila msaidizi. Wamhurumia anapopelekwa kufa, lakini pia wamwambia kwamba ukali wake mwenyewe ndio uliomfikisha pale. Mara Creon anapogeuka, nao hugeuka. Hawa si watu wabaya, bali ni watu kama sisi, wanaoona na kunyamaza mpaka kusema kusiwe na hatari tena. Na kwa kuwa desturi haiwaruhusu kuondoka kiwanjani, yawabidi kuyaona yote mpaka mwisho.

Aristotle, aliyeandika juu ya michezo hii yapata miaka 100 baadaye, alifundisha kwamba tanzia huamsha huruma na hofu, na kwamba mtu mkuu huanguka kwa kosa lake, wala si kwa uovu mtupu. Alitaja mambo mawili yatakiwayo: kugeuka kwa hali, na kutambua. Creon apata yote mawili, lakini kutambua kwaja nyuma ya wakati. Twaona kwamba kosa lake liko dhahiri hata katika toba yake. Wazee walimwambia amtangulize aliye hai. Yeye alitangulia kuitengeneza amri aliyoiharibu, kisha ndipo akamkumbuka mtu.

Je, ni nani mwenye haki? Wengine husema wote wawili wana haki, mmoja kwa ajili ya mji, mwingine kwa ajili ya nyumba ya baba yake. Twaona neno hilo lina ukweli nusu. Creon alikuwa na haki ya kuulinda mji, na haki ya kumlaani msaliti. Lakini haki hiyo ilikoma mtu alipokwisha kufa. Alichukua ndugu wawili walioanguka katika vita moja, akawagawanya kwa amri, huyu mwenye kaburi na yule asiye na kaburi. Mgawanyo huo ndio uliouchafua mji.

Wala si Wayunani peke yao waliojua hivyo. Msomaji wa Maandiko atamkumbuka Rispa, binti Aya, katika kitabu cha pili cha Samweli, aliyetandika gunia juu ya mwamba na kuwafukuza ndege mchana na wanyama usiku wasiiguse miili ya wanawe, mpaka mfalme Daudi akaona haya akaamuru mifupa izikwe. Atamkumbuka na Tobiti, aliyewazika ndugu zake kwa siri ingawa mfalme alitaka kumwua. Na ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika mitaa ya Kariakoo, hufundishwa kwamba kumzika maiti ni faradhi iliyo juu ya jamii yote. Wasipotokea wa kuitimiza, wote wana dhambi. Jengo lilipoporomoka Kariakoo mwezi Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, kazi ya kuwatafuta waliofukiwa iliendelea siku kadhaa. Jamaa waliotazama walitaka aliye hai aokolewe, na aliyekufa arudishwe kwao azikwe.

Sasa turudi kwa wale walioupa mtaa jina lake. Vita ya 1914 ilipoingia nchi hizi, magari yalikuwa machache, barabara hazikuwapo, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Jeshi lilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Waingereza walichukua wapagazi kutoka Kenya, Uganda, Nyasa na nchi nyingine, na kila walipoteka sehemu ya nchi yetu walichukua watu wa hapo pia. Mwaka 1917 watu walikamatwa kwa wingi kuliko wakati wowote. Wanahistoria husema kwamba waliochukuliwa na Waingereza kwa kazi hii katika vita yote walikuwa kama milioni moja. Wadachi nao walichukua wao, na hesabu za hao ni chache zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, kwa chakula kibovu wasichokizoea, na kwa kuchoka. Hesabu ya serikali upande wa Waingereza ilitaja zaidi ya 40,000; wanahistoria wengi huona kwamba idadi ya kweli yakaribia 100,000. Na mishahara ya wengi waliokufa haikupata mwenye kuidai, kwa kuwa jamaa zao hawakujulikana walipo.

Vita ilipokuwa ingali ikiendelea Waingereza waliweka tume ya makaburi, na sheria yake ilikuwa njema: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, pasipo kutofautisha cheo wala dini. Nenda leo kwenye makaburi ya vita yaliyo upande wa Kinondoni, kando ya njia iendayo Bagamoyo, utayaona mawe yaliyopangwa kwa usawa, na majina yamechongwa. Lakini kwa wapagazi wa Afrika Mashariki sheria hiyo haikufuatwa. Wakubwa wa siku zile waliona kwamba majina hayana haja kwao, na makaburi yao mengi yakaachwa yarudi kuwa pori. Tume yenyewe ilikiri mambo haya katika taarifa yake ya Aprili 2021. Ilisema kwamba watu 45,000 hadi 54,000 wa Asia na Afrika walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tarehe 22 Aprili 2021 waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Hatupendi kuulazimisha mfano. Creon alimnyima kaburi adui wa mji, tena kwa hasira na kwa tangazo. Hawa hawakuwa maadui. Walikuwa watumishi wa jeshi lile lile, nao hawakunyimwa kwa tangazo, bali kwa mazoea na kwa karatasi za ofisini. Lakini twauliza, je, hilo si zito zaidi? Amri ya Creon ilisikika, na kwa kuwa ilisikika, mtu mmoja aliweza kuipinga. Amri isiyotangazwa haimpati Antigone wake.

Mjini, penye mzunguko wa barabara ya Samora, iko sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Juu ya nguzo asimama askari mmoja na bunduki yake. Mpagazi hakupandishwa pale juu. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yawataja wapagazi pia, tena yaahidi kwamba aliyekufa vitani jina lake litakumbukwa na wanawe. Walakini sanamu haina jina hata moja. Ahadi ile iliwaachia wana kazi ambayo hawakupewa njia ya kuitimiza.

Nchi yetu yajua kwamba jambo kama hili halifi kwa kupita miaka. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa na Wadachi. Katika mapatano ya Versailles ya 1919 iliandikwa kwamba fuvu lirudishwe, nalo lilirudi Kalenga mwaka 1954. Muda wa miaka 56 Wahehe walidai mfupa wa mtu mmoja. Tena mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikuja Songea kuomba msamaha kwa ajili ya vita ya Maji Maji, na wazao wa Songea Mbano bado walikuwa wakitafuta kichwa cha babu yao. Ebrahim Hussein alipotunga tanzia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, aliimaliza kwa shujaa aliyekamatwa na kutakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Akataa, kwa ajili ya watakaozaliwa baadaye, wasije wakaambiwa kwamba babu zao walipigania upuuzi. Yeye naye alijali yale yatakayosemwa juu ya wafu.

Tulipokisoma kisa cha Antigone pamoja na wanafunzi wetu, tulitazamia waulize habari za vinyago na waitikiaji. Msichana mmoja akainua mkono, akasema kwamba kwao husimuliwa juu ya babu wa bibi yake aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi, na kwamba nyumbani kwao hawajawahi kumfanyia matanga kwa sababu hawakuletewa tanzia. Akauliza, "Mwalimu, yeye alizikwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia aende nyumbani akaulize jina lake, ukoo wake na kijiji alichotoka, ayaandike. Juma lililofuata alileta jina, na wenzake watatu wakaleta majina ya wa kwao.

Hilo ndilo tunaloweza kuwaomba wasomaji wetu, na hasa waalimu. Antigone hakuwa na jeneza wala sanda wala watu wa kuchimba. Alikuwa na vumbi la kujaza mikono miwili, na desturi ya Wayunani iliyahesabu hayo kuwa mazishi. Nasi maiti hatunazo, lakini majina mengine bado yako katika vinywa vya wazee, nao wazee wanapungua kila mwaka. Kalamu na daftari vyatosha kuyaandika. Wale waitikiaji 15 walisimama kiwanjani mchezo wote, wakaona, wakanena walipokwisha kuchelewa. Watu wa Kariakoo tumekuwa kiwanjani tangu 1916, tukilitaja kila siku jina la kikosi ambacho watu wake hatuwajui. Tusiungoje mchezo uishe.